Alichomwambia Daktari Hirut

Tangu mimba yake ya kwanza ya ndoa iharibike ikiwa katika mwezi wake wa tano, Yeshimebet hakuwahi tena kwenda kliniki peke yake. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na popote alipokwenda mjini Dessie, mama mkwe wake Workinesh alikuwa ubavuni, na kila swali alilijibu yeye.

"Amewahi kushika mimba kabla ya hii?" daktari aliuliza.

"Moja tu, ikatoka. Macho mabaya ya watu hayo! Safari hii nimemletea maji matakatifu, yatamlinda," alisema Workinesh. "Halafu hali chakula, daktari. Hata ndege anamshinda."

Daktari Hirut, mwanamke wa makamo, akacheka, kisha akamwomba Workinesh asubiri nje. Mlango ulipofungwa, akalirudia swali lake polepole.

Yeshimebet akatazama dari. "Nilitoa nikiwa chuoni. Mara mbili. Ya pili nilitolewa na mtu asiye daktari, nikaugua homa nusura nife. Ndiyo maana Mungu ananiadhibu?"

"Mungu simsemei," alisema Hirut akivaa glavu. "Mimba ikitolewa vizuri, wengi huzaa baadaye bila shida. Wewe ulikwanguliwa vibaya. Huenda shingo ya kizazi imelegea. Hebu tuipime."

Akapima. Ilikuwa fupi kuliko inavyotakiwa.

"Tutaishona, ishike mpaka mtoto akomae. Ni kazi ndogo. Na usilie, umefanya vizuri kuniambia."

Jioni Yeshimebet alimweleza mumewe, Asnake, yote, wakinywa kahawa. Asnake akaweka kikombe chini, akatoka. Aliporudi alibaki amesimama.

"Ulipougua, nani alikuuguza?"

"Hakuna."

Akakaa karibu naye. "Siku ya kushonwa nitakuwepo. Mama tumwambie kizazi kimelegea, yaishie hapo. Hayo mengine ni yako, ukitaka kuyasema utayasema."

Ule mwezi wa tano ulipita. Yeshimebet alikuwa akiamka na kujipapasa tumbo kabla hata hajafumbua macho, mpaka mshono ulipokatwa na uchungu ukaja wenyewe. Mtoto wa kike aliwahi kidogo, mwembamba, lakini kilio chake kilifika hadi barazani.

Workinesh akaingia na bakuli la uji mzito, siagi na pilipili katikati.

"Si nilisema? Ni yale maji matakatifu niliyokuletea!"

Asnake akamtazama mkewe. Yeshimebet akatabasamu.

"Asante, mama," akasema, akamwekea mtoto mikononi.