Mgomba Wenye Jani Lililovunjika

Najilaza kwenye kochi saa tisa mchana, mvua inapiga bati, na mbele yangu, imeegemezwa ukutani, ipo picha ya kwetu. Aminieli mdogo wangu ameileta asubuhi kutoka kuchapisha, pana kama mlango uliolazwa, akaiweka, akakataa hata chai, akaondoka. Mimi ndiye niliyeipiga. Nilirusha droni juu ya kihamba chetu, shamba la urithi, kule mlimani, nikaisimamisha hewani, ikawa inajizungusha polepole na kupiga kipande baada ya kipande, kila kipande kikikanyaga ukingo wa mwenzake ili baadaye kompyuta ivishone kuwa picha moja. Kushona ni kazi ya Aminieli. Mimi narusha, yeye anashona, ndivyo tunavyokula. Dada Ndeshi, aliniambia, tupigie kwetu kote, tumkumbuke mama. Nami nikalia, mjinga mimi. Sasa naitazama na kuna kitu hakipo, na sikijui ni kitu gani. Migomba ipo, mfereji upo, nyumba ipo, theluji ya Kibo ipo pale juu, na macho yanakuwa mazito, na mvua inageuka kuwa ule mlio wa nyuki wa droni, na kochi linaniinua, linanipeleka, linanitua ndani.

Natua barabarani, ile ya udongo mwekundu inayopita nyuma ya kanisa, na miguu yangu ni peku. Natembea kwenda nyumbani. Kushoto kuna mgomba wenye jani lililovunjika, linaning'inia, na chini yake kuku mweupe anachakura. Naupita. Barabara inakata kona, na kushoto kuna mgomba wenye jani lililovunjika, na chini yake kuku mweupe anachakura. Mae! Nakaza mwendo, barabara nayo inakaza mwendo, inajikunja, inajirudia, mgomba, jani, kuku, mgomba, jani, kuku, hata kuku mwenyewe ananitazama kama mtu aliyechoka kuulizwa. Anakuja mwanamke na ndoo kichwani, namjua kwa khanga yake, ni Mama Kunda jirani yetu, ila kati ya shingo na ndoo hakuna kitu. Shikamoo mama, nasema, maana adabu ni adabu hata ndotoni. Marahaba mwanangu. Mama, uso wako umeenda wapi? Nilikuwa nageuka ulipopiga, anasema, nusu yangu imebaki kwenye kipande kingine, usijali, hakuumi. Namwomba anionyeshe njia ya kwetu. Kitendawili, anasema. Jamani mama, mimi nina haraka. Kitendawili! Haya, tega. Yupo kwake, hajahama, hajatoka hata siku moja, lakini mwanawe anawaambia wageni hapa hakai mtu. Nafikiri, nafikiri, sijui. Basi nipe mji. Nakupa Moshi, nasema, na Moshi inafunguka pale pale barabarani, mnara wa saa, maduka, bodaboda, na ubavuni mwake Moshi nyingine imegeuzwa kama kwenye kioo, maandishi ya maduka yanasomeka kinyumenyume. Moshi nimekwenda, anasema, nimekula, sijashiba, nipe mwingine. Nakupa Arusha. Zinafunguka Arusha mbili, zinatazamana. Nimekwenda, sijashiba. Nakupa Tanga, nakupa Dodoma, nakupa miji mpaka ulimi unakauka, na kila mji unazaa pacha wake na watu wasio na nyuso wanavuka kutoka huku kwenda kule. Sina mji mwingine mama, nakupa kwetu. Mama Kunda anacheka, ndoo inatikisika, tumbo linatikisika. Kwenu? Kwenu kumeshatolewa mwanangu, tena bila wewe kuulizwa.

Nakimbia. Safari hii barabara haijirudii, inanimwaga uani kwetu, na uani kuna wanaume wawili wenye mashati meupe, nyuso zao laini kama sahani, wanavuta futi ya kupimia kutoka kona ya nyumba kuelekea nyuma. Karibuni, nasema kwa hasira, mnapima nini? Hoteli, anasema wa kwanza. Hapa? Hapa pana nini, anasema wa pili, tumeonyeshwa picha, hapana kitu. Aliyewaonyesha ni nani? Mwenye kihamba. Khaa! Kwetu kihamba cha nyumbani anabaki nacho kitindamimba, na kitindamimba wetu ni Aminieli, niliyembeba mgongoni nikiwa msichana wa darasa la saba, niliyemlea kama yai, niliyekosa mume mmoja mzuri kwa sababu hakutaka kuoa mwanamke mwenye mtoto wa mama yake. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Sisi hatununui penye kaburi, anasema wa kwanza kwa upole, wageni wanaogopa, Jumatatu tunaleta katapila. Natazama mahali futi yao inapoishia, nyuma ya nyumba, mahali penye saruji na msalaba na masale, ile mimea ya majani marefu, yaliyopandwa kuzunguka, yale niliyoyadondoshea rangi nyeupe Pasaka nilipokuwa napaka msalaba. Pamesimama mgomba wenye jani lililovunjika. Chini yake kuku mweupe anachakura. Hapo ndipo ninapokijua kile kisichokuwepo, kaburi la mama.

Aminieli amechukua kipande cha kando ya barabara akamfunika nacho mama! Naushika ule mgomba, nauvuta, unabanduka kama karatasi iliyolowa, na chini yake kuna masale, kuna msalaba, kuna ubaridi ule wa saruji asubuhi. Mama, naita, mama upo? Nipo, anasema, sauti ile ile, haina haraka. Ndeshi, Aminieli amekula? Mama, Aminieli amekuuza. Anasema, ninachouliza, amekula? Nataka kupiga kelele, nataka kumwambia mtoto wako si mtoto tena, ni mwizi, amenizunguka kwa mikono yangu mwenyewe, lakini nyuma yangu mtu anakohoa. Ni mwanamume asiye na uso, na kikohozi ni cha Aminieli, kile cha tangu utotoni. Ananinyooshea jani la isale lililopigwa fundo. Kwetu anayekuletea isale lenye fundo anaomba msamaha, na ukilipokea umesamehe, yamekwisha, halizungumzwi tena. Nikusamehe kwa lipi, nasema, litamke! Kitendawili, anasema. Sitaki vitendawili vyako, mbwa wewe! Nainua mkono nimpige, na mkono unagonga mbao, ko ko ko, ko ko ko.

Mlango unagongwa. Niko kwenye kochi, shingo inauma, mvua bado inapiga bati. Naisogelea picha mpaka pua inaigusa. Kando ya barabara, mgomba wenye jani lililovunjika na kuku mweupe. Nyuma ya nyumba, mgomba wenye jani lililovunjika na kuku mweupe. Hodi, dada, fungua, nalowa huku. Nafungua. Amesimama na koti la mvua, kofia ya koti imeshuka mpaka kidevuni, mwanga uko mgongoni mwake, uso siuoni. Ananinyooshea jani la isale, limepigwa fundo, na karibu na fundo kuna tone la rangi nyeupe lililokauka. Naiweka mikono yangu nyuma. Umelikata wapi hili, namuuliza. Anainamisha kichwa. Aminieli, nasema, vua hiyo kofia nikuone. Havui. Maji yanamchuruzika mkononi, na mimi nakaza vidole mgongoni mpaka vinauma, maana mila haiulizi kama unapokea ukiwa macho au ukiwa usingizini. Kisha nasikia mtu anamuuliza, umekula? Sauti inatoka kinywani mwangu, lakini si yangu.