Adhana Katika Santuri ya Baba

Kaka yangu Ashraf ana ugonjwa wa kujibu kabla ya kuuliza. Kampuni ya Ulaya iliyotaka kuitoa upya santuri ya baba ilimwandikia: katikati ya onesho piano, besi na ngoma vinanyamaza, inasikika adhana ya msikiti wa jirani, kisha muziki unaendelea. Wakiache kipande hicho au wakikate? Ashraf, dukani kwake Konde, akajibu palepale kwenye simu: kateni. Adhana haiuzwi pamoja na muziki. Mama hakuulizwa, wala mimi.

Mpiga piano ni baba yetu, Duni. Mgeni mmoja alilirekodi onesho lile ukumbini Wete, akaenda nalo kwao akalitoa kwenye santuri. Haukupita muda homa ikamchukua baba. Ashraf alikuwa hajapata akili, mimi sijazaliwa. Nakala yetu ilipinda juani zamani sana. Kwetu sisi baba alikuwa jina na picha moja.

Nakala ya majaribio ilipofika, tuliipeleka Gando kwa mama, Bi Mwanapili, pamoja na mashine ya santuri ya kuazima. Mama akajitanda kanga vizuri, utadhani anapokea wageni. Piano ikaanza. Alitabasamu, akatikisa mguu, nami nikaona haya na raha kwa pamoja. Mara akakunja uso.

"Adhana i wapi?"

"Nimewambia waikate, mama," Ashraf alisema. "Si adabu."

"Si adabu? Babaako ndo alowanyamazisha wenziwe, kwa adabu hiyohiyo! Na ilipokwisha akanena, nami nimekaa palepale ukumbini. Sauti yake ilobaki duniani ni hiyo tu, nawe ukenda ukaikata?"

Kumbe miaka yote alijua.

"Mbona hukutwambia?" nilimuuliza.

"Ningewambia nini? Kitu msichoweza kukisikia?"

Nilimkasirikia Ashraf hata nikakosa tusi la kumtosha. Alitoka nje, akawaandikia wale watu akiwabembeleza, yeye ambaye hata wateja wake hawabembelezi.

Bahati, mkanda wa asili ulikuwa haujaguswa. Nakala ya pili ilipokuja tulirudi Gando. Muziki ukakatika, adhana ikaingia kwa mbali. Mama akaiitikia kwa midomo, Ashraf naye, nami, kama tuisikiapo siku zote. Ikaisha. Kiti kikalia ndani ya santuri. Ikaja sauti ya mwanamme, nyembamba kuliko nilivyoikadiria maisha yangu yote:

"Mwanapili, Ashraf kalala?"

Piano ikaendelea. Mjinga mimi, nilingoja aniulizie na mimi niliyekuwa tumboni. Nikaona wivu. Niligeuka nimrushie kaka yangu neno kali, nikamkuta kainama mbele ya mashine, ndevu zake za mvi zimerowa machozi.

"Bado, baba," alisema.