Kimya Chini ya Mnara

Kitendawili. Semeni tega basi, msinitolee macho kama samaki wa Feri.

Uani kwetu pana mti. Mzizi wake kwetu, tunda lake kwa walio mbali, na mie niliyeuona ukipandwa sijaonja hata kokwa.

Mnazi? Mnazi naula kila siku, mpaka kwenye maharage. Mpapai? Papai likiiva likaangukia kwa jirani, jirani hutuletea kipande. Mmeshindwa, nipeni mji. Mnanipa Kurasini? Siitaki Kurasini, kila kilichoko kule kina mwenyewe na kinasubiri lori. Nipeni Pugu, kule angalau kuna kuni. Haya, nimekwenda Pugu, nimekula, nimekunywa, nimerudi na mzigo wangu wa kuni kichwani. Jibu ni mnara wa simu, ule uliosimama uani kwa mwanangu Mwinshehe, hapa Mtoni.

Ulikuja miaka ile ya ruhusa, kila kitu kilipofunguliwa. Mitumba imefunguliwa, televisheni zimefunguliwa, soda zimeingia kwenye makopo, na kiwanda alichokuwa akifanyia kazi Mwinshehe ndicho pekee kikafungwa. Alirudi nyumbani na saa ya ukutani aliyopewa kwa utumishi mwema, akaitundika, akawa anaitazama. Siku watu wa kampuni ya simu walipopiga hodi kuomba kipande cha ua wajenge mnara, hawakumaliza hata chai. Alikubali kabla hawajasema watalipa kodi.

Lori lao lilizama kwenye mchanga mtaani, vijana wakalisukuma mpaka jua likapoa. Wakakata minazi, wakachimba shimo la kuzikia tembo, wakamwaga zege. Majirani walisema chuma kile kitazuia mvua. Mvua ya mwaka ule ilipozidi ikatubomolea vyoo, wakasema ni chuma kile kile kinachovuta mawingu.

Umeme nao ukaja, ila ulikuja kwa mnara. Waya ulipita juu ya paa letu kama mgeni asiyejua kubisha hodi, ukaingia kwenye kibanda cha mashine, na sie chini yake tukaendelea na koroboi zetu. Siku za mgao jenereta lao liliunguruma mpaka vyombo vikagongana kabatini. Mnara haukujua giza. Na kileleni wakaweka taa nyekundu ili ndege zisiugonge. Rubani aliye angani alipaona kwetu vizuri sana. Mie nikienda uani napapasa ukuta.

Lakini Mwinshehe alinawiri. Mtaani wakaanza kumwita Mzee Mnara, naye akaitika. Wageni aliwapitisha nyuma ya nyumba wakautazame kabla hawajaonyeshwa pa kukaa.

Jambo moja tu halikuwa sawa. Fundi wa kampuni, kijana wa Kihaya aitwaye Revelian, alikuwa akija kujaza dizeli, na kila alipotaka kuzungumza na wakubwa zake alitoka uani, akapita kwa muuza mkaa, akaenda kusimama barabara ya Kilwa ndipo akatoa simu. Mwinshehe aliliona akaudhika, kama mtu aliyepika pilau halafu mgeni akaenda kununua mihogo. Alimuuliza. Revelian akamwambia kwa heshima kwamba mnara unarusha mbali, na walio miguuni pake unawaruka.

Mie nilimwelewa mara moja. Taa ya chemli inamulika chumba kizima, na kitako chake kiko gizani. Mwinshehe hakuelewa, au hakutaka. Alisema, "Nina kisima uani, nikachote maji kwa jirani?" Neno hilo alilipenda, akawa analirudia barazani, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na simu mtaani kwetu, hakuna aliyembishia.

Mpaka akaja Nassibu.

Nassibu alikuwa akifanya kliaringi Kurasini, kutoa magari ya watu bandarini. Simu yake alikuwa akiivaa kiunoni, na uzito wake ulimfanya atembee ameinamia upande mmoja kama mchota maji. Sina ubaya naye. Shikamoo yake ilikuwa ikifika kabla yake. Alimwona mjukuu wangu Naima, binti wa Mwinshehe, siku ya Idi, akampeleka mshenga, mzee Mashaka, kuleta posa. Tena alikuwa na haraka: Jumamosi anasafiri kwenda Dubai kufuata spea, anataka ndoa ifungwe Ijumaa, asafiri akijua ameacha mke nyumbani.

Naima alikuwa Morogoro, chuo cha ualimu, amebakiza muhula mmoja. Likizo ya mwisho, tukiwa tunakuna nazi, aliniambia mwenyewe: "Bibi, nikimaliza chuo niulizeni chochote mnachotaka. Kabla ya hapo, msiniulize." Nilimfikishia baba yake. Akasema maneno ya kwenye mbuzi ya nazi si jibu, na kwamba mwari huulizwa rasmi, na wazazi wake, mbele ya mshenga. Hapo alisema kweli, ndiyo mila yetu. Basi nikasema nitapanda basi niende nikamuulize rasmi.

Nassibu, kwa adabu yake ile ile, akasema kwa nini tuyatese magoti ya Bibi na simu ipo. Nilimwona mwanangu akiutazama mnara. Uso uling'aa kama mtoto aliyeambiwa leo ndiyo leo. Neno lake litapanda pale, kwenye chuma chake mwenyewe, litue Morogoro.

Jumatano baada ya alasiri tukatandika mikeka uani. Mashaka alikuja na wazee wawili watatu, Farida mkwe wangu akasonga halua. Mwinshehe aliweka kiti chake kwenye wavu uliouzunguka mnara, karibu kabisa, kama mtu anayeota moto. Nassibu akaitoa simu, akauvuta mkonga wake, ile antena, akaitazama, akaigeuza huku, akaigeuza kule, halafu nikamwona anaanza kuondoka kidogo kidogo kuelekea barabarani.

"Unakwenda wapi, baba?" Mwinshehe akamuuliza. "Mtandao uko hapa."

Mkwe mtarajiwa atamsahihisha nani? Alirudi. Akapiga, ikakata. Akapiga, ikakata. Akapiga ikashika, na huko chuoni wakaenda kumwita Naima ofisini, sie tukangoja kama watu wanaosubiri futari. Mwinshehe akapewa. Akasikiliza, akatabasamu mpaka gego likaonekana, akatuambia kwamba ameamkiwa. Akaitikia marahaba kwa sauti ambayo Naima angeisikia hata bila simu. Kisha akakohoa, akasema, "Naima mwanangu, sikiliza. Nina neno zito la kukwambia."

Na neno lilikuwa zito kweli, maana alilianzia kwa babu yake Nassibu. Akaeleza walikotoka, nani kamuoa nani, Nassibu kafika vipi bandarini, gari la aina gani analo. Wazee wanatikisa vichwa. Mwisho akanyoosha mgongo, akauliza, "Nassibu amekuposa. Waridhia, au huridhii?"

Akasubiri. Akaibana simu sikioni. Tukamtazama wote.

"Kanyamaza," akasema.

Mashaka akainua mikono. Mwari akinyamaza ameridhia, ndivyo tulivyorithi. Mwenye haya hasemi ndiyo, hutazama chini, na kutazama chini kwenye simu hakuonekani, basi kimya kinatosha. Fatiha ikasomwa. Halua ikazunguka. Nassibu alirudishiwa simu yake, akakitazama kioo chake, akaichomeka kiunoni bila neno.

Mie halua niliirudisha sahanini. Naima kunyamaza? Mtoto yule alianza kusema kabla ya kuota meno, na usingizini alikuwa akibisha. Nilimuuliza Mwinshehe kama alimsikia hata akipumua.

"Mama," akanijibu, "mtu mwenye haya hapumui kwa kelele."

Nikasema basi asubuhi nitapanda basi, nikasikie kwa masikio yangu. Akaniambia Fatiha imeshasomwa, na kurudi kumuuliza mwari ni kumtukana mposaji. Chuo kimemfunza adabu, nishukuru. Nassibu atatuma pikapu imchukue alfajiri ya Ijumaa.

Alhamisi turubai likafungwa uani, kamba moja wakaifunga kwenye mguu wa mnara. Masufuria yakaazimwa. Wanawake tukakaa chini tunachagua mchele, na utani wa harusi ukaanza, yule anamwambia huyu kwamba mume wa simu hata akikukasirikia anakukasirikia kwa mbali. Mchana umepinduka kidogo, tukasikia kilio kinatokea barabarani.

Kilio cha msiba kinajulikana. Tuliacha mchele. Na aliyekuwa analia akakata kona ya muuza mkaa: ni Naima, kanga kichwani, viatu mkononi.

Nije niwaeleze kilichotokea huko Morogoro. Alikimbia kutoka darasani, akashika simu, akamwamkia baba yake, akasikia, "Nina neno zito la kukwambia." Hapo simu ikafa. Babu yake Nassibu hakumsikia, wala bandari, wala gari. Sasa mtu akupigie kutoka nyumbani, aseme ana neno zito, halafu akate, utawaza harusi? Alikaa mlangoni kwa ofisi mpaka ikafungwa, simu haikulia tena. Usiku kucha akawa anatuzika mmoja mmoja. Alianza na mie, kwa ajili ya umri, wala simlaumu. Asubuhi akapanda basi la kwanza. Aliposhuka barabarani akaliona turubai limefungwa kwetu, na watu wanapita na masufuria, akawa hana shaka tena.

Akaingia uani. Akaniona mie, nipo. Akamwona mama yake, yupo. Baba yake yupo kwenye kiti. Kilio kikamkatika, akatugeukia mmoja mmoja kama mtu anayekagua kuku jioni, akauliza, "Basi nani kafa?"

Mwanamke mmoja alikuwa ameshaanza kigelegele, akakimeza.

Mashaka ndiye aliyepata mdomo. Akamwambia hakufa mtu, ni heri tupu, yeye ameposwa na ameridhia, na kesho, Mungu akipenda, ni nikahi.

"Nimeridhia lini?"

"Jana," Mwinshehe akasema. "Nilikuuliza, ukanyamaza."

Naima akamtazama baba yake. Akautazama mnara, kutoka kwenye zege mpaka kwenye taa yake nyekundu iliyokuwa ikiwaka mchana kweupe. Akauliza walipokuwa wanapiga walikaa wapi. Baba yake akaonyesha kiti. Akasema yeye alilosikia ni neno zito tu, na baada ya hapo hata pumzi ya baba yake hakuisikia, akadhani aliyekufa ndiye huyo anayezungumza.

Nassibu alikuwa amefika wakati ule na gunia la mchele begani. Akalitua. Naima akamgeukia, kwa upole, maana kijana hakuwa amemkosea adabu hata siku moja.

"Kaka Nassibu, baba alipokurudishia simu jana, bila shaka uliitazama. Mie nilikuwa bado nimo?"

Nassibu akashika mkonga wa simu yake, akausukuma ndani, akauvuta nje. Jenereta lilikuwa limezimwa siku ile, tukasikia hata nzi. Hakusema kitu.

Basi nikamgeukia fundi wa vimya. "Haya Mashaka. Mwari akinyamaza ameridhia. Bwana harusi akinyamaza, ameridhia nini?"

Mashaka akasema anadhani kuna sufuria linaungua. Hakukuwa na sufuria motoni.

Mwanangu aliinuka pale kwenye wavu. Nilidhani atafoka, maana turubai la watu limefungwa, na mtaa mzima uko mlangoni. Akaja mpaka mkekani, akakaa chini mbele ya binti yake, karibu hata magoti yakagusana. Uso wake haukuwa wa Mzee Mnara tena. Ulikuwa ule aliorudi nao siku ya saa ya ukutani. Safari hii hakumtaja babu wa mtu, wala gari.

"Naima mwanangu. Nassibu amekuposa. Waridhia, au huridhii?"

Naima akatazama chini. Akakaa hivyo. Akakaa mpaka wanawake wakaanza kutazamana, na Mashaka akafumbua mdomo. Nilimkata jicho, akaufumba. Farida ameshika ungo, mchele unammwagikia mapajani hana habari. Mwinshehe hakusogea. Alingoja, kwa kuwa sasa alikuwa anamsikia akipumua.

Ndipo Naima akainua uso.

"Siridhii, baba. Mwezi wa sita namaliza chuo. Atakayetaka kuniuliza baada ya hapo, basi la Morogoro linaondoka kila asubuhi."