Mawe ya Nyuma ya Maktaba

Fundi wa kuchomelea vyuma alikwenda chuoni kupima mabenchi, akaishia kwenye ugomvi. Wala asingekanyaga pale siku hiyo kama si kazi. Aliyempa kazi ni mdogo wake wa tumbo moja, msanifu wa bustani na viwanja, bwana mwenye digrii mbili na maneno elfu, na hao wawili tangu utotoni ni paka na panya.

Msanifu alikuwa anapanga upya viwanja vya chuo kufuatana na wanafunzi wanavyovitumia. Wiki tatu nzima watu wake walizunguka na madaftari: nani anakaa wapi, anapita wapi, anaongea na nani. Sasa ramani ilikuwa imetandazwa juu ya boneti ya gari, rangi kila mahali. Nyuma ya maktaba palipakwa kijivu.

"Na hapa?" fundi akauliza.

"Hapo pamekufa, kaka. Kesho tingatinga linazoa yale mawe, tunaweka maegesho."

Fundi akaipiga ramani kwa futi yake ya kupimia. Mawe yale aliyajua. Binti yake, kiziwi tangu kuzaliwa, alikuwa mwaka wa pili chuoni hapo, na viziwi wenzake walikuwa na mahali pamoja tu pa kukutana: mawe yaliyoachwa na wajenzi, wao wenyewe wakayasukuma mpaka yakawa duara. Anayeongea kwa mikono lazima aonwe na wote. Kwenye mabenchi ya mstari, aliyekaa mwisho haambulii kitu.

"Pamekufa? Nani kakwambia?"

Mdogo mtu akafungua daftari kwa madaha, akasoma: "Wanafunzi kumi na mmoja, kila jioni. Wanakaa kimya. Hakuna mazungumzo." Akalifunga. "Mahali watu hawasemezani hapana uhai. Huo ndio utaalamu. Wewe shika chuma chako."

"Ala! Nishike chuma changu? Umesoma mpaka umepitiliza!"

"Usinitukane mbele ya watu wangu."

"Nitakutukana mbele ya mkuu wa chuo! Picha unayo?"

Picha ilikuwepo, imebandikwa ndani ya daftari. Fundi akaikandamiza kwa kidole chenye kovu la moto. "Huyu aliyeinua mikono ni nani?"

"Nitajuaje? Mwanafunzi. Anafukuza nzi."

"Ni mwanao."

Msanifu akainama, akatazama. Akatazama tena. Vijana wake wakajifanya wanahesabu nguzo za taa. Mtoto wa kaka yako ni mwanao, hilo halihitaji digrii, na binti yule hakuwa na baba mdogo mwingine duniani. Miaka ishirini bwana huyu alikuwa akimpapasa kichwa, akimpa biskuti, kisha akimgeukia kaka yake: "Anasemaje?"

"Sura haionekani vizuri," akasema.

"Mikono inaonekana."

Fundi akamshika mkono, akamburuta mpaka nyuma ya maktaba. Jioni ilikuwa imeingia na wenye mawe yao walikuwa wamekaa. Binti akawaona, akawafuata. Baba yake akamweleza yote kwa mikono: rangi ya kijivu, tingatinga, hata nzi hakumwacha. Binti akamkazia macho baba yake mdogo, mikono ikaenda mbio, uso umekunjamana.

"Anasemaje?"

"Mwenye macho haambiwi tazama."

Aibu ikamshika msanifu. Akafunua ramani, akatoa kalamu nyekundu, akayakata maegesho kwa msalaba mkubwa. "Haya! Mawe yanabaki, tingatinga haliji. Mwambie basi, kaka."

"Mwambie mwenyewe."

Akainua mikono. Ikabaki hewani mitupu, kama ya mtu aliyekamatwa na polisi. Binti akangoja. Alingoja kwa adabu, maana baba ni baba, awe mkubwa au mdogo. Mwishowe mikono ikashuka, ikaingia mifukoni. Binti akageuka, akarudi kwenye duara, akawaambia wenzake jambo fupi sana. Wote wakaangua kicheko cha sauti, mpaka madirisha ya maktaba yakafunguliwa.

"Kaka," msanifu akasema. "Wanasema nini?"

Fundi akakunja futi yake, akaitia mfukoni.

"Hakuna mazungumzo," akamjibu. "Wanakaa kimya."