Kazik Ndani ya Magari ya Halcott

Jumanne moja ya mwaka wa hamsini na nane, saa nne asubuhi, Jadwiga Wrona alikuwa akimenya viazi jikoni kwake Hamtramck, mji wa viwanda vya magari huko Marekani, simu ikalia. Alikuwa Stella, jirani wa mtaa wa pili.

"Shoga, njoo umchukue mumeo. Yuko kwenye gari letu jipya."

"Kazik si tumemzika mwezi wa tatu?"

"Najua, nilikuwepo. Ila ananipaka grisi viti."

Jadwiga akafuta mikono, akaenda. Gari lilikuwa Halcott, la kiwanda alichofanyia kazi Kazik, jeupe na la waridi. Kazik alikaa kiti cha nyuma na ovaroli lake, kofia magotini.

"Jadzia," akamwita kwa jina la nyumbani, "zamu imeisha?"

"Imeisha."

"Mbona kengele sijaisikia?"

Jadwiga akamvuta ashuke, lakini mkono wa Kazik ulifika mlangoni ukagoma kutoka.

Kufika Ijumaa alikuwa ameitwa pia kwa paroko, kwa daktari wa meno na kwa muuza soseji. Kila Halcott iliyoundwa juma alilokufa ilikuwa na Kazik wake. Wa paroko alisinzia muda mwingi. Wa muuza soseji alipiga soga. Jadwiga hakujua amlilie yupi. Lakini wote walieleza jambo lilelile: kifuniko cha usalama cha mashine ya kukandamiza bati kiling'olewa ili kazi iende haraka, naye alimwambia msimamizi mara mbili kabla mashine haijamkamata. Kiwanda kilikuwa kimemrudisha ndani ya sanduku, na barua juu yake ikidai kwamba siku hiyo hakuja kazini.

Jumatatu Stella akawaendesha Jadwiga na Kazik hadi kiwandani Halcott. Karani akatoka nje, akainama dirishani, akamsikiliza Kazik mpaka mwisho, hata akaandika.

"Tatizo moja, mama," akamwambia Jadwiga. "Tangu jana Halcott haipo. Wameifunga. Malalamiko hupokelewa na kampuni, na kampuni hakuna."

"Na huyu je?"

Karani akamtazama Kazik vizuri. "Huyu amekuja na gari. Dhamana yake miezi kumi na miwili."

Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akarudi ndani kufungasha vitu vyake.

"Sasa twende wapi?" Stella akauliza.

Jadwiga akafungua mlango wa nyuma, akaingia. Kazik akasogea kumpa nafasi, akamtazama kwa huruma.

"Kumbe na wewe wamekuajiri?"