Bata Anayejibu Kabla ya Kuulizwa

Wewe uliyecheka, ndiyo, wewe, uliangalia pembeni. Ulimwona bata bukini kwenye runinga ya ukumbi wa maonyesho akihojiwa kazi ya ukarani, ukashika mbavu. Mwanamke aliposimama katikati ya ukumbi, ukajifanya unatafuta koti. Wengine hatujasahau.

Mwanamke huyo ni Maxine Tolliver. Mwaka 1973 aliishi na Conrad Veitch kwenye ghala la zamani pale Venice, Los Angeles. Kamera ya video ilikuwa ya Conrad. Bata alikuwa wa Maxine, na jina lake Bi Pruitt. Maxine alilelewa na baba mfuga mabata kule Fresno, akajua jambo ambalo Conrad hakulijua: bata hasikilizi maneno, anasikiliza mwendo wa sauti. Akamzoesha Bi Pruitt kuinamisha shingo kila yeye aliposhusha sauti mwishoni mwa swali.

Basi wakamweka nyuma ya meza, tai shingoni. Mikanda ya siku zile haikuwa ya kukatwa na kuunganishwa. Ukikosea, unaanza upya. Walianza upya mara kumi na nane. Maxine aliketi kushoto, nje ya picha.

"Bi Pruitt, unajua kupiga chapa?"

Bata akainama.

"Unaweza kuvumilia bosi mjinga?"

Akainama mara mbili. Conrad, nyuma ya kamera, akauma mkono wa shati asije akaharibu mkanda kwa kicheko.

"Tutaandika majina yetu sisi wawili," Conrad alisema jioni ile.

"Watatu. Bibi mwenyewe unamwacha wapi?"

Kisha baba yake Maxine akaugua, naye akaenda Fresno wiki mbili kumuuguza. Alirudi siku ya maonyesho ya mkanda ule, akashuka kwenye basi na kwenda moja kwa moja ukumbini.

Sauti aliyoikuta ikimuuliza bata maswali ilikuwa ya Conrad. Mashine yao ya kurekodia ilikuwa na kitufe chekundu: ukikibonyeza, sauti mpya inakaa juu ya picha, na ya zamani inafutika. Hairudi tena, hata ulie machozi ya damu. Ila Conrad ni mtu wa kuburuta maneno. Maswali yake yalikuwa bado njiani, bata keshainama.

"Anajibu kabla hajaulizwa!" jamaa mmoja mwenye masharubu akapiga kelele. "Ofisini kwetu hasa!"

Ukumbi mzima ukalia kwa kicheko. Maxine akasimama.

"Anamjibu nani? Mbona anatazama kushoto? Pale nimekaa mimi!"

Wakacheka zaidi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Neno moja tu la Conrad lingetosha. Conrad akapiga makofi.

Maxine alimpata Conrad nje, kwenye kona ya barabara.

"Connie, sauti yangu iko wapi?"

"Ilikuwa inavuma, Max. Kipaza sauti kibovu."

"Chako hakikuvuma?"

"Usinifanyie hivi mbele za watu."

"Watu gani tena? Umeshawaacha wanicheke."

Conrad akashusha pumzi. "Jumba la makumbusho linauchukua mkanda Ijumaa. Nikisema bata amefundishwa, utani umekufa. Uzuri wake ni kwamba anakosea."

"Hakukosea! Wewe ndiye uliyechelewa."

Ijumaa Maxine alimbeba Bi Pruitt kwapani hadi ofisi ya jumba lile. Mbele ya karani akauliza, taratibu, akishusha sauti: "Bi Pruitt, unanijua?" Bata akainama, shingo yote. Karani akafurahi kweli kweli.

"Loo! Bwana Veitch amemfundisha vizuri!"

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Naomba jina langu liandikwe."

"Kadi za kubandika ukutani zimeshachapwa, dada. Labda maonyesho yajayo."

Yajayo yamekuja na kupita, miaka nenda miaka rudi. Conrad amezikwa kwa sifa. Maxine yu hai, anaishi Fresno, na kila kadi inapochapwa upya anawaandikia barua. Kadi bado ina jina moja, na mkanda unaendelea kuchekesha.

Sasa usiniambie utakwenda wiki ijayo. Inuka. Nenda kwenye jumba hilo leo, mwite msimamizi, mwambie aandike Maxine Tolliver kwenye kadi ile. Kama mashine ya kuchapa imeharibika, aandike kwa kalamu. Nawe usibanduke mbele ya ukuta ule mpaka wino ukauke.