Mshika Ngazi

Mteja wa tano kumkataa alikuwa daktari wa meno. Alifungua dirisha lake la ghorofa ya tatu, akatoa kichwa, akamwona Kipanga kule chini akifunga mkanda wa vifaa kiunoni, akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, kusafisha madirisha ya huku juu acha tu siku hizi. Tumeshapata namna nyingine." Kisha akafunga dirisha, na dirisha lenyewe lilikuwa na vumbi la kuandikia jina.

Upole ule ndio uliomchoma. Kipanga angeweza kutukanwa tangu asubuhi mpaka jioni naye akarudisha mara mbili, maana alikuwa na mdomo na alijua kuutumia. Aliwahi kumwambia mama mmoja mwenye nyumba nzuri kwamba kama hapendi alama kwenye vioo vyake basi amfunge kamba paka wake, na mama yule alinuna mwezi mzima lakini hakumwacha. Matusi aliyazoea. Kuhurumiwa ndiko alikokuwa hakuwezi.

Alikuwa na miaka sitini na saba. Tangu ujana hajawahi kuajiriwa na mtu. Alikuwa bosi wa ndoo yake mwenyewe, na bosi huyo hakuwahi kumpa likizo. Jina la Kipanga alipewa na watu wa mtaani kwa sababu ya kukaa juu na kuchungulia ya watu, na alilipenda. Sasa, ndani ya mwaka mmoja, wateja watano walikuwa wamemwacha, wote wa ghorofa za juu. Wa chini hakuondoka hata mmoja. Kichwani mwake jambo hilo lilikuwa na maelezo rahisi: ni wale wa kampuni, wenye fito ndefu zinazotema maji, watu wasiojua hata kukunja kitambaa. Aliwatukana kwa sauti pale pale barabarani, wao na mabosi wao, ingawa hakukuwa na wa kumsikia ila shemeji yake, na shemeji yake alikuwa anatazama upande wa pili.

Shemeji huyo alikuwa kaka wa marehemu mkewe, mtu mnene, mzito wa kutembea, mwenye viganja vipana kama sahani. Kazi yake ilikuwa moja tu, kushika ngazi. Aliweka kiatu cha kulia kwenye kipago cha chini kabisa, akazikamata nguzo za ngazi kwa mikono miwili, akatulia hivyo mpaka Kipanga akanyage ardhi. Ngazi yenyewe, ya alumini, vipande viwili vinavyounganishwa kwa ndoano na kamba, ilikuwa mali ya shemeji. Wateja walikuwa wa Kipanga. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kumfukuza mwenzake, na wote wawili walikuwa wamelifikiria hilo mara nyingi.

Walikuwa hawasemezani, mwaka wa sita huo. Salamu hakuna, pole hakuna. Waliongea kwa ngazi. Kipanga akiigonga mara moja kwa mpini wa mpira wake wa kukwangulia maji, maana yake shika, nasogea. Mara mbili, nashuka. Shemeji hujibu kwa kupiga kiatu mara moja: nimeshika. Wapita njia waliwaona wazee wawili wanaoelewana bila maneno, wakawasifu. Wangejua!

Kisa chao hakikuwa siri. Siku mke wa Kipanga alipozidiwa, simu ya hospitali iliita mfukoni mwa shemeji, naye yuko chini ameshika, Kipanga yuko juu. Akapaza sauti: "Dada kazidiwa! Wanasema twende sasa hivi!" Kipanga akajibu kutoka huko juu, "Namalizia." Alimalizia kwa nusu saa nzima. Walipofika hospitalini, shuka lilikuwa limeshafunika uso. Mazikoni Kipanga alieleza kwamba yalikuwa yamebaki madirisha matatu tu, na mtu anaachaje kazi nusu? Alilieleza hilo tena na tena, hata kwa watu ambao hawakumuuliza. Shemeji alilisikia mara ya kwanza, akamkazia macho, na tangu hapo hakumsemesha.

Basi baada ya daktari wa meno, mteja wa juu alibaki mmoja: fundi cherehani wa ghorofa ya tatu katika jengo la mwisho wa barabara, mama mwenye madirisha mapana, asiyeweza kufanya kazi bila mwanga mzuri. Kipanga hakusubiri zamu yake ifike. Alimwacha shemeji na ngazi pale nje, akaingia ndani, akapanda kwa miguu. Alipumzika njiani mara mbili, na mara zote mbili alijifanya anasoma tangazo la ukutani.

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya gauni lililovalishwa sanamu, pini tano sita zimebanwa mdomoni. Kipanga alianza kabla hajakaribishwa.

"Mama, nimekuja kukutahadharisha mapema. Hao wa fito wakija kukurubuni, mimi ndiye wa kwanza kujua. Tumeelewana?"

Fundi alitoa pini zake moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha mkononi. "Hao wa fito hawajaja hapa."

"Watakuja tu. Wamenimalizia wateja wangu wote wa juu."

"Aliyekuja ni huyo wako." Akaonyesha dirishani kwa kidevu. "Shemeji yako. Wiki iliyopita. Kasimama hapo hapo ulipo, kofia mkononi, anahema. Akaniomba nikuambie sihitaji tena kusafishiwa. Akaniomba nisimtaje."

"Na umemtaja."

"Mimi sitaki kutumwa kusema uongo nyumbani kwangu," fundi akasema. "Halafu vioo vyangu bado vichafu."

Kipanga hakuaga. Alishuka zile ngazi za jengo kwa kasi hata goti lake la kushoto likamlaani kila hatua. Aliona aibu, na aibu ikigusa watu wa aina yake hugeuka ghadhabu papo hapo. Miaka sita amemvumilia mtu huyu kununa, kumbe mwenzake anamchimba!

Shemeji alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, ngazi imelala kando yake.

"Ni wewe," Kipanga akasema. Yalikuwa maneno ya kwanza kwa miaka sita.

Shemeji hakujitia hamnazo. "Ni mimi."

"Umepita mlango kwa mlango ukinitangaza kwamba nimekwisha!"

"Sikusema umekwisha. Nilisema wasikuite."

"Kuna tofauti gani?"

"Miguu yako inatetemeka." Shemeji alinyanyua viganja vyake viwili, akamwonyesha. "Ukipita kipago cha kumi na tano tu, inaanza. Naisikia hapa, mwaka wa pili huu. Ngazi inaniletea kila kitu. Goti likilegea najua. Mkono ukiteleza najua. Wewe unafikiri ni upepo."

"Kwa hiyo leo umepata huruma juu yangu."

"Huruma?" Shemeji alicheka, kicheko kikavu kisichofika machoni. "Wewe ukianguka unaangukia miguuni pangu. Watu watasema nini? Watasema kamwachia, kalipiza ya dada yake. Nani ataniamini? Sitaki damu yako kwenye ngazi yangu. Kafie kwako."

Kipanga aliiangalia ile sura nene, ikamchefua kama zamani. "Isimamishe," akasema. "Dirisha la fundi. Sasa hivi."

"Usipande."

"Isimamishe, au niisimamishe mwenyewe."

Shemeji akanyanyuka kwa kujisukuma na magoti. Aliunganisha vipande viwili, akafunga kamba, akaiegemeza ngazi ukutani, akaweka kiatu chake mahali pake. Kipanga aliitundika ndoo kwenye ndoano ya mkanda, akapanda.

Vipago vya kwanza alivipanda kwa hasira, na hasira ilimbeba vizuri tu. Alifika juu. Fundi alisogea dirishani kumtazama, uso kwa uso, nondo na kioo kati yao. Kipanga alipaka sabuni, akazungusha sifongo hadi pembeni, akavuta maji kwa mpira kutoka kushoto kwenda kulia, mkono ukifanya wenyewe kama ulivyofanya miaka arobaini. Aling'arisha nusu ya dirisha. Alikuwa ameshaanza kutunga la kumwambia shemeji akishuka, tena la kuuma hasa.

Ndipo ngazi ikaanza kutikisika.

Aligeuza kichwa kuangalia kama kuna lori linalopita. Hakukuwa na lori. Upepo nao haukuwepo, hata nguo zilizoanikwa kwenye kibaraza cha jirani zilikuwa zimetulia. Alitazama chini, akakiona kiatu chake cha kushoto kinacheza juu ya kipago, tik tik tik, na mguu uliokuwa ndani yake haukuwa unamsikiliza. Mpira ukamponyoka, ukaanguka. Aliikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili. Aliogopa. Alikuwa hajawahi kuogopa juu ya ngazi, na hakujua kwamba woga huo unakausha mate namna ile.

Aligonga mara mbili kwa pete yake ya ndoa. Nashuka.

Kiatu hakikujibu.

Aligonga tena. Kimya. Alijikaza akachungulia chini kupitia kwapani. Shemeji alikuwa amesimama amefunga mikono kifuani, anatazama ng'ambo ya barabara.

"Shika!" Kipanga akapiga kelele. "Nashuka!"

Shemeji hakuinua hata kichwa. "Namalizia," akasema.

"Unamalizia nini wewe?"

"Namalizia."

Hapo Kipanga akaelewa, na alipoelewa, mguu wa kulia nao ukaanza. Fundi alifungua dirisha, akapitisha mkono kati ya nondo, akamkamata ukosi wa shati. "Wewe baba!" akamfokea aliye chini. "Mshikie mwenzako!" Mkono ule haungeweza kumzuia mzee mzima asianguke, na wote wawili walilijua hilo, lakini Kipanga alibana shavu kwenye vidole vyake kama mtoto. Alikuwa anasubiri mtu mmoja aje, na mtu huyo alikuwa karibu, na hakuja. Hivi ndivyo alivyosubiri mkewe. Labda aliuliza, wameshafika? Labda nesi alimjibu, wako njiani. Kipanga alijiona mtu mbaya, moja kwa moja, bila kisingizio, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na hakuwa na pa kwenda ili asijione.

Sijui zilipita dakika ngapi. Mbili, labda. Kisha mikono ile mipana ikazipiga nguzo za ngazi, pa, na mtikisiko ukafa. Kiatu kikagonga mara moja.

Alishuka kipago kwa kipago. Alipofika chini aliona kiatu cha shemeji, cha kulia, kimekandamiza kipago cha mwisho kwa uzito wote wa yule mtu, na chini ya miguu ya ngazi vumbi halikuwa limesogea hata kidogo. Mikono ndiyo iliyokuwa imefungwa. Kiatu hakikutoka.

Kipanga aliipindua ndoo yake, maji ya sabuni yakamwagikia barabarani, akaikalia. Shemeji alilaza ngazi, akafungua kamba, akatoa ndoano, akatenganisha vipande viwili. Kisha akakiegemeza cha chini ukutani, akakiinua kipande cha juu, akakitia begani.

"Yale madirisha matatu," Kipanga akasema.

Shemeji akasimama, amempa mgongo.

"Hayakuwepo. Nilikuwa nimeshamaliza. Ulipoita nilikuwa nakunja kitambaa nishuke." Akajilazimisha tena. "Nikaogopa. Nilijua nikishuka nitaambiwa. Nikaanza kukikwangua upya kioo kile kile, kimeshakauka. Nikakikwangua tu."

"Najua," shemeji akasema bila kugeuka. "Kioo kikavu kinalia kikikwanguliwa. Nimekisikia nusu saa nzima."

Kipanga aliinua uso. "Ulijua? Miaka yote hii? Na hukusema?"

"Ya kusema yalikuwa ya kwako."

"Basi si ungeniachia!" Hakujali kwamba fundi yuko dirishani anasikia. "Ungeiachia ngazi ukaenda. Ungemkuta. Kwa nini hukwenda?"

Hapo shemeji akageuka. Alimtazama yule mzee juu ya ndoo yake kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga kuliko yote aliyowahi kusikia.

"Na wewe uko juu?" akasema.

Akaondoka na kipande chake begani, polepole, amejaza njia nzima. Kipande cha chini, kinachotosha madirisha ya chini, alikiacha kimeegemea ukuta.